Mzee Akibakwa Kituoni, Nani Asimame Naye?

 

Nimeombwa kuzungumzia jambo ambalo wengi wangependa lisemwe kwa kunong'ona, au lisisemwe kabisa. Mzee amepelekwa kwenye makazi ya wazee ili atunzwe. Aliyewekwa kumtunza, au aliyeachiwa mlango wazi na mtunzaji, anamwingilia kwa nguvu. Familia inapata habari. Sheria inaipa njia zipi?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwa jinsi ilivyo leo, sheria ya Tanzania inaweza kumpeleka mtu huyo gerezani miaka 30 au maisha, na inaweza kukitoza kituo fidia. Ina upungufu, na nitausema, lakini si upungufu huo unaoua kesi hizi. Zinakufa ndani ya siku tatu za kwanza, kwenye ofisi ya kituo au kwenye kikao cha ukoo, kwa sababu tulishakubaliana kimyakimya kwamba maneno ya mzee si ushahidi.

Niseme kwanza wanaoishi kwenye makazi haya ni nani, maana hilo linabadilisha kila kitu kinachofuata. Hapa manispaa ya Tabora tunayo makazi ya serikali ya Ipuli, na mkoani petu yako pia ya Amani Ulyankulu. Kwenye mikoa mingine kuna Kolandoto Shinyanga, Sukamahela Singida, Bukumbi Mwanza. Nayataja ili tujue tunazungumzia nyumba za aina gani. Siyatuhumu kwa lolote. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na kwamba mahali pake ni katika familia na jamii yake. Makazi ya kulelea ni hatua ya mwisho. Kwa hiyo anayefika Ipuli mara nyingi ni mtu aliyekwisha kupoteza kila mlango mwingine.

Tabora inawajua watu wa namna hiyo kuliko miji mingi. Misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, ikapumzika, kisha njia zikagawanyika, hii ya Ujiji, ile ya kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kila msafara uliacha watu nyuma: mpagazi aliyeugua, mwanamke aliyetekwa asiyejua pa kurudi. Reli ilifika hapa mwaka 1912, nayo ikaleta wake. Mwaka 1972 wakaja wakimbizi Warundi, wakapewa Ulyankulu. Wajukuu wa watu hao wote ni ndugu zetu, lakini wapo waliozeeka bila mjukuu. Ongeza na kidonda cha kanda yetu, Usukumani na Unyamwezini: bibi aliyepikia kuni maisha yake yote, macho yakawa mekundu kwa moshi, akaitwa mchawi na wanawe mwenyewe. Bibi huyo akifika kituoni, wanawe ndio watu wa mwisho atakaowaita.

Ndiyo maana swali la "familia ifanye nini" lina upande wa pili, ambao nitaufikia: ambaye hana familia, nani atafanya kwa niaba yake?

Tuanze na mwenye ndugu. Binti anakuja kumtembelea mama Jumapili. Mama hataki kuguswa. Anakataa kuogeshwa, jambo ambalo halikuwapo mwezi uliopita. Anasema, "Yule wa ndoo asije tena." Binti anauliza ofisini, anaambiwa mama ameanza kuchanganyikiwa, wazee ndivyo walivyo. Akisisitiza, anaitwa pembeni: tusichafue jina la kituo, huyo kijana tutamhamisha, na hii hapa pesa kidogo ya dawa. Mfano huu nimeutunga mimi, lakini natazama nyuso zenu na naona hamhitaji kuelezwa zaidi.

Kila kitu katika mazungumzo hayo ya pembeni kina kasoro ya kisheria. Kupokea pesa ili kosa kubwa la jinai lifichwe ni kosa jingine chini ya Kanuni ya Adhabu, na anayetoa na anayepokea wote wamejiweka pabaya. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka kila mtu anayejua kwamba kosa limetendeka atoe taarifa polisi au kwa kiongozi wa mahali hapo. Amri hiyo inamhusu muuguzi, mpishi na mlinzi wa getini sawasawa na mkuu wa kituo. Na kesi ya kubaka ni ya Jamhuri. Wanaukoo husema "tumeifuta kesi", lakini hawana uwezo huo. Anayeweza kuiondoa mahakamani ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwa hiyo kikao cha kumaliza nyumbani hakimalizi kitu, kinampa mtuhumiwa muda tu.

Uhamisho nao nausemea peke yake, kwa sababu unanikera sana. Kumhamisha mtu anayetuhumiwa kubaka kutoka makazi ya wazee kumpeleka makazi mengine ya wazee ni kumpa vitanda vipya. Familia isiupokee kama adhabu. Idai kwa maandishi, ibaki na nakala iliyogongwa muhuri, kwamba mtuhumiwa aondolewe kabisa mahali penye wazee mpaka shauri liishe.

Sasa siku tatu za kwanza. Nitaeleza polepole, na wenye kalamu waandike.

Mama asiogeshwe. Najua ni vigumu, kwa sababu jambo la kwanza ambalo binti yeyote angetaka kufanya ni kumwogesha mama yake. Nguo alizokuwa nazo, kanga, shuka, vikunjwe na kuwekwa kwenye mfuko wa karatasi, ule wa kaki unaofungia sukari dukani unatosha. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu na vielelezo huoza. Kisha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Jina la dawati lisiwababaishe: mtu wa miaka 80 ana haki pale kama mtoto wa miaka 8. Polisi watatoa Fomu Namba 3, ambayo wote tunaiita PF3, na mgonjwa atakwenda nayo hospitali, kwa hapa mjini Kitete. Hali ikiwa mbaya, hospitali iwe ya kwanza na karatasi ifuate. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Wapo wanaodhani bibi hahitaji dawa hizo. Virusi havimuulizi mtu umri.

Daktari atakayempima aandike jina lake kwa herufi zinazosomeka. Nalisema hili kwa sababu mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aitwe mahakamani aulizwe maswali, na hakimu ana wajibu wa kumweleza haki hiyo. Rufaa nyingi katika nchi hii zimeiona PF3 ikitupwa nje kwa sababu tu hatua hiyo ilirukwa. PF3 ikitupwa, bado kuna ushahidi mwingine, na hapo ndipo tunafika kwenye kiini cha mhadhara huu.

Katika shauri la Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Ripoti ya daktari inaweza kuonyesha kwamba mwili uliingiliwa. Haiwezi peke yake kusema kama kulikuwa na ridhaa. Kanuni ya Adhabu nayo inasema wazi kwamba si lazima kuwe na majeraha ya kupigana ili kuthibitisha kukosekana kwa ridhaa. Bibi wa miaka 78 aliyevunjika nyonga hatakuwa na alama za kupigana. Alilala akitetemeka, akasubiri yaishe. Sheria inamwelewa.

"Lakini anasahau." Hiki ndicho kisu kinachotumika kila mahali. Basi tusome sheria. Sheria ya Ushahidi inaanza kwa kusema watu wote wanaweza kuwa mashahidi. Kisha inaweka ubaguzi mmoja: yule ambaye mahakama itaona hawezi kuelewa maswali anayoulizwa au kuyajibu kwa akili, kwa sababu ya utoto, uzee uliokithiri, ugonjwa wa mwili au wa akili. Tazameni nani anapewa kazi ya kuamua. Ni mahakama, baada ya kumsikia. Mkuu wa kituo hakupewa kazi hiyo, wala mpelelezi, wala mjomba. Na kipimo chenyewe ni chepesi kuliko watu wanavyodhani: anaelewa swali, anajibu jambo lililoulizwa. Mzee anaweza asijue leo ni tarehe ngapi wala Rais ni nani, na bado akajua kabisa ni mkono wa nani ulimziba mdomo. Katika shauri la Goodluck Kyando, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa mpaka ziwepo sababu za msingi za kutomwamini. Haikusema kila shahidi aliye chini ya miaka 60.

Kuna uamuzi mwingine ambao familia inapaswa kuujua, wa shauri la Marwa Wangiti Mwita na mwenzake. Mahakama ilisema shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema, mara tu anapopata nafasi, anajijengea uaminifu mkubwa. Anayechelewa bila maelezo huzua shaka. Hivyo, "yule wa ndoo asije tena" ni maneno ya thamani kubwa. Binti ayaandike siku hiyohiyo, kama yalivyotoka, kwa lugha yaliyotoka. Ikiwa mama alisema kwa Kinyamwezi, yaandikwe kwa Kinyamwezi, tafsiri ifuate chini. Akimfinyanga mama mpaka aseme sentensi iliyonyooka ya Kiswahili cha kituo cha polisi, atakuwa ameharibu kitu ambacho hakimu alihitaji kukiona. Mahakamani mkalimani ni haki ya shahidi. Nani alikuwa na kazi ya ndoo usiku ule litajibiwa na daftari la zamu, nalo liombwe mapema kabla kurasa hazijachanika.

Mzee anaweza kufa kabla ya kesi. Hili tulikabili bila haya. Mpelelezi aombwe aandike maelezo yake upesi, yasomwe mbele yake, atie dole gumba. Zipo taratibu za kupokea maelezo ya mtu aliyefariki au asiyeweza tena kufika kwa hali ya mwili au akili, kwa masharti yake. Maelezo ambayo hayakuandikwa hayana utaratibu wowote wa kuyafufua.

Kuhusu aibu, ambayo ndiyo hufunga midomo ya wengi: tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, ushahidi katika kesi hizi husikilizwa faragha, na magazeti na vyombo vingine haviruhusiwi kuutangaza wala kuwatangaza mashahidi. Mama hatasimama mbele ya mji mzima. Watu watano au sita watamsikia, na mwanawe anaweza kuombewa kukaa karibu.

Kosa lenyewe likoje? Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ridhaa iliyopatikana kwa mwanamke wakati akili yake haiko timamu haihesabiki. Kwa mama mwenye ugonjwa wa kusahau, hoja ya "alikubali" inaanguka hapo. Kifungu hichohicho kinawataja watu wanaotumia vyeo vyao kubaka: mwenye mamlaka kwa jumla, watumishi wa mahabusu, wa taasisi za wanawake au watoto, wa hospitali, mganga wa jadi, kiongozi wa dini. Adhabu, chini ya kifungu cha 131, ni kifungo cha maisha, na isipungue miaka 30, na mahakama imwamuru mkosaji alipe fidia kwa aliyeumizwa. Mwendesha mashtaka akumbushwe kuiomba fidia hiyo kabla hukumu haijasomwa. Ikisahauliwa, ni kazi kuirudisha.

Na wazee wanaume? Sheria yetu inajua mbakwaji mwanamke tu. Babu aliyeingiliwa, kesi yake itakwenda kwa kifungu cha 154, ambacho adhabu yake nayo haishuki miaka 30, au kwa udhalilishaji mkubwa wa kijinsia. Kwa hiyo asirudishwe dawatini eti "hilo halina kosa". Lina kosa, na ni kubwa.

Familia haina haki ya kukata rufaa katika kesi ya jinai. Mshtakiwa akiachiwa, mwenye haki hiyo ni Mkurugenzi wa Mashtaka, na anatakiwa kutoa kusudio lake ndani ya siku 30. Siku ya hukumu, kabla ya kwenda kulia nyumbani, nendeni Ofisi ya Taifa ya Mashtaka na barua ya kuomba rufaa.

Njia ya pili ni madai. Hapa mlengwa mkuu ni kituo. Aliyemwajiri mtu bila kuuliza alikotoka, akamwachia mwanamume mmoja funguo za bweni la wanawake usiku kucha, akaambiwa na wapishi akanyamaza, huyo ana deni. Kipimo cha ushahidi katika madai ni chepesi kuliko cha jinai, na hukumu ya kumtia mtu hatiani, rufaa zikishaisha, huhesabiwa kuwa uthibitisho kamili wa kosa lake. Hamtalazimika kumbebesha mama ushahidi mara ya pili. Mzee asiyeweza kuendesha shauri mwenyewe atalifungua kwa kupitia mtu anayemsimamia. Akifariki, haki ya kudai haifi naye. Inaingia katika mirathi na msimamizi wake anaiendeleza.

Muda ni miaka mitatu kwa madai ya namna hii, ingawa kwa mtu asiye na akili timamu hesabu huanza baadaye. Kwa makazi ya serikali kuna kizingiti kingine ambacho kimewaangusha wengi: notisi ya siku 90. Ieleze nani anadai, nini kilitokea na anadai nini, ipelekwe kwa wahusika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali, na baada ya hapo shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Tunayo hapahapa Tabora, hakuna haja ya kupanda treni. Ukifungua kabla ya notisi kuisha, jaji atalitupa bila hata kumfikia mama yako.

Wakili ni ghali, ndiyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, na wapo wilayani, hawatozi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, nao hupokea kesi kama hizi. Malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hayana ada.

Nirudi kwa bibi asiye na mtu. Katika makazi ya serikali, mlezi wake ni serikali. Akidhulumiwa na mtumishi wa serikali, wa kumsemea ni serikali ileile, na afisa ustawi wa jamii anayetakiwa kuandika ripoti anakula mezani na mtuhumiwa. Sidhani kuna jambo gumu zaidi ya hili katika mada nzima. Lakini sheria haisemi taarifa itolewe na ndugu. Mtu yeyote anaweza kuitoa. Mwanakwaya anayekwenda kuimba kituoni Jumamosi, kijana wa madrasa anayepeleka futari, mwanafunzi wa uuguzi aliye mafunzoni, mzee wa kitanda cha jirani. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 ilitungwa kwa ajili ya mtumishi anayeogopa kupoteza kazi kwa kusema. Ninachowaomba viongozi wa dini walio hapa ni kitu kidogo: kila kanisa na kila msikiti uchague wazee wawili watatu wasio na ndugu, majina yao yaandikwe kituoni kama wa kwenu, mwende kila wiki na kwa saa zisizotarajiwa. Wakati mwingine pelekeni mtu anayejua Kinyamwezi, na kwa waliotoka Ulyankulu, mtu anayejua Kirundi. Mlinzi akiwaambia wazee wamelala, kaeni msubiri waamke.

Nimeahidi kutaja upungufu wa sheria. Kifungu cha 130 kimetaja hospitali, mahabusu na taasisi za wanawake na watoto. Makazi ya wazee hayakutajwa kwa jina. Mwendesha mashtaka mzuri atapita kwenye lile fungu la mwenye mamlaka. Asiye mzuri atakuwa na kisingizio. Tena, hata kwa waliotajwa, bado lazima kubakwa kuthibitishwe, maana yake mabishano ya ridhaa yanarudi. Kenya ilikwenda mbele katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006: mtumishi wa hospitali akitumia nafasi yake kulala na mgonjwa, hata pale ambapo haifikii kubaka, ana kosa, na kifungo hakipungui miaka kumi. Uingereza mwaka 2003 ilifanya vivyo hivyo kwa watunzaji wa watu wenye maradhi ya akili. Mtunzaji hawezi kujitetea kwamba alikubaliwa. Zanzibar wana sheria yao ya masuala ya wazee tangu 2020. Sisi huku Bara bado tunategemea sera, na sera haimfungi mtu.

Tume ya Kurekebisha Sheria hupokea mapendekezo ya wananchi, na wabunge wa mkoa huu wanajulikana walipo. Aya ninayopendekeza iongezwe kwenye Kanuni ya Adhabu ni hii, na nakala zipo mlangoni kwa atakayependa kuweka sahihi yake: "Mtu yeyote ambaye ni msimamizi, mtumishi, mlinzi au anayejitolea katika makazi ya wazee, ya serikali au ya binafsi, akimwingilia au kumshika kwa njia ya kujamiiana mkazi yeyote wa makazi hayo, mwanamke au mwanamume, atakuwa ametenda kosa, na ridhaa ya mkazi huyo haitakuwa utetezi."